Daftari la Wema Si Daftari la Madeni

Soma kwanza: Waamuzi 9:1-15, 1 Samweli 12:1-5, 2 Samweli 15:1-6

Wiki hii naandika kuhusu ushauri niliotoa vibaya. Niliutoa hapa hapa kanisani, katika ile ofisi ndogo nyuma ya madhabahu, kikombe cha chai mkononi, na wakati huo nilijiona nimesema jambo la hekima kabisa.

Kuna mama mmoja wa ushirika wetu hapa Eastlands. Ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisitaje jina. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, anauza mboga karibu na stendi, na kwa miaka mingi amekuwa mtu wa kujitolea mtaani. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi yeye ndiye hukusanya vijana na sepetu kuzibua mtaro unaopita nyuma ya ploti. Taa ya barabarani ikizima, yeye ndiye huandika namba ya mlingoti na kwenda ofisini kuuliza. Fomu za basari zikitoka, utamkuta ameketi na wazazi wasiojua kusoma vizuri, anawajazia moja baada ya nyingine. Mgonjwa akikosa wa kumpeleka kliniki, anatafuta kijana mwaminifu wa boda boda, wanampeleka, halafu anarudi na kukuta sukuma wiki yake imenyauka. Hakuna anayemlipa.

Ana daftari. Si kitu cha ajabu, ni lile la shule, amelifunika kwa karatasi ya gazeti. Ndani ameandika mtaro umeziba wapi, mtoto wa nani amekaa nyumbani kwa kukosa karo, nani ametoka hospitali na anaishi peke yake. Jambo likiisha, anapiga mstari juu yake.

Sasa vijana wa mtaa wamemwendea, wakamwambia, "Mama, 2027 gombea kiti cha MCA. Tumechoka na watu wanaokuja na helmeti za boda boda miezi miwili kabla ya kura." Akaja kwangu tuombe pamoja.

Mimi, kabla ya kuitwa kwenye huduma, nilisomea biashara. Nilipoliona lile daftari, ile elimu yote iliamka. Nikamwambia, "Mama, wewe umeshashinda. Wagombea wengine wataanza kutafuta watu, wewe watu unao tayari. Hawa wote umewatendea mema. Huu ni mtaji! Weka namba zao za simu, wapange kwa ploti, uhesabu kura ulizo nazo kabla hata hujachapisha bango moja."

Alinyamaza. Akalichukua daftari lake polepole, akalirudisha kwenye kiondo. Kisha akaniuliza, "Pasta, kwa hivyo yule mgonjwa niliyemwosha miguu ni mtaji wangu?"

Sikuwa na jibu. Tuliomba, lakini nikuambie ukweli, siku ile yeye ndiye aliyenihubiria. Nimetembea na swali lake wiki kadhaa, na leo nataka tuliulize pamoja: mtu akitenda mema, kisha akaomba kura kwa wale wale aliowatendea, je, wema wake unabaki kuwa wema?

Majibu mepesi yako mawili. La kwanza linasema siasa ni uchafu, basi mama abaki na sepetu yake na amwogope Mungu. La pili linasema kila mtu hufanya hivyo, na anayefanya kazi anastahili ujira wake. Nimesikia yote mawili yakisemwa na watu waliookoka. Nafikiri yote mawili yana kasoro, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

UNGA ULE ULE

Nilikulia nyuma ya kaunta. Mama yangu alikuwa na duka dogo, na juu ya msumari karibu na mizani kulikuwa na daftari la madeni. Pakiti moja ya unga, robo ya mafuta, sabuni nusu mche. Jina, tarehe, pesa. Nilijifunza mapema kwamba deni hubadilisha mwendo wa mtu. Mteja aliyekuwa akipita mbele ya duka akicheka na kutusalimu, akishaandikwa, ataanza kupitia ile njia ya nyuma. Mkikutana sokoni anaangalia viatu vyake. Si mtu mbaya. Ni kwamba hayuko huru tena mbele yako.

Lakini kulikuwa na nyumba mbili au tatu ambazo mama alizipa unga na hakuandika chochote. Nikiwa darasa la sita hivi, nikijua hesabu kuliko hekima, nilimwambia, "Mama, umesahau kuandika." Akaniambia, "Sijasahau. Hiyo sikuuza."

Angalia hapo. Unga ulikuwa ule ule, pakiti ile ile, mkono ule ule. Huyu alipewa mkopo na yule alipewa zawadi, na tofauti yote ilikuwa katika ile kalamu.

Sasa fikiria mama angempa jirani unga Januari bila kuandika, halafu Agosti, biashara ikiwa mbaya, amfuate na kumwambia, "Ile pakiti, nilipe." Utasema ni mkali tu? Mimi nasema amemwibia. Jirani alipoipokea hakujua anakopa. Pengine angejua, angekataa, angelala njaa na heshima yake. Kumgeuzia mtu zawadi kuwa mkopo baada ya miezi ni kumfungia mkataba ambao hakuusaini.

Hapo ndipo nilipoiona sumu ya ushauri wangu. Nilimwambia yule mama achukue daftari la wema, kwa kalamu ile ile, aligeuze kuwa daftari la madeni. Mgonjwa aliyeoshwa miguu hakuambiwa siku ile kwamba Agosti atadaiwa. Na mkopo wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa dukani, kwa sababu dukani ukilipa unafutwa. Deni la fadhila halina risiti. Linaweza kudaiwa kila baada ya miaka mitano.

ABSALOMU NA SAMWELI

Lakini mtu atasema, "Pasta, mama huyu hadai chochote, anaomba tu. Na watu wakimkumbuka wenyewe, ni dhambi?" Hapana, si dhambi. Shukrani ni kitu kizuri. Yesu mwenyewe aliwaponya wakoma kumi na akauliza wale tisa wako wapi. Kwa hivyo si kweli kwamba ukitenda mema ni lazima ufiche uso wako milele. Tunahitaji kipimo cha kutenganisha shukrani na mtego, na Maandiko yanatupa watu wawili waliosimama mbele ya umma na habari za huduma.

Wa kwanza ni Absalomu. Soma sura ile taratibu, uone jinsi inavyofanana na mtaa wetu. Anaamka mapema. Anasimama kando ya lango, pale wenye kesi wanapopita. Kila anayekuja anaulizwa ametoka mji gani. Anaambiwa madai yake ni mazuri na ya haki, ila tu huko ndani hakuna wa kumsikiliza; laiti yeye Absalomu angekuwa mwamuzi! Mtu akitaka kumwinamia, anamshika na kumbusu. Kwa macho, hiyo ni huduma ya kujitolea namba moja. Lakini angalia jambo moja: hatuambiwi kwamba alitatua hata kesi moja. Shida za watu zilikuwa ngazi yake. Maandiko yanasema alichofanya ni kuiba mioyo. Ni wizi, ingawa kila aliyeibiwa aliondoka akitabasamu.

Wa pili ni Samweli. Amezeeka, ana mvi, anasimama mbele ya Israeli wote. Yeye naye anataja maisha yake, tangu ujana wake. Lakini anayataja kwa njia gani? Anawauliza wamshuhudie mbele za Bwana: amechukua ng'ombe wa nani, au punda wa nani? Amemdhulumu nani? Amepokea rushwa mkononi mwa nani, ili airudishe? Hasemi, "Kumbukeni niliyowafanyia." Anafungua vitabu vyake na kuwaambia wavikague.

Wale waliofanya kazi ya hesabu wananielewa. Kuna tofauti kubwa kati ya anayekuja na ankara na anayekuja na vitabu. Mwenye ankara anasema wewe una deni langu. Mwenye vitabu anasema mimi nina deni la kukupa maelezo. Wote wawili wamebeba karatasi, lakini wa kwanza anakuweka wewe chini yake, na wa pili anajiweka yeye chini yako.

Kwa hivyo mama yetu anaweza kusema mbele ya watu, "Nimekaa hapa miaka hii yote. Pesa za kununua mabomba ya mtaro mlinipa, na risiti hizi hapa. Niulizeni." Huo ni ushuhuda, na mpiga kura ana haki ya kuusikia. Utamchaguaje mtu bila kujua alivyokuwa katika machache? Lakini hawezi kumwendea yule mgonjwa jioni, peke yake, na kumwambia, "Wewe unajua nilikotoa nawe."

MZEITUNI NA MTI WA MIIBA

Sasa turudi kwa lile jibu la kwanza, la kwamba mtu mwema akae mbali. Wanaolitetea hupenda mfano wa Yothamu. Miti ilitaka mfalme. Ikauendea mzeituni, nao ukakataa kuacha mafuta yake. Mtini ukakataa kuacha utamu wake. Mzabibu ukakataa kuacha divai yake. Mwishowe wakauendea mti wa miiba, na huo haukuuliza mara mbili. Ukakubali, ukaahidi kivuli ambacho hauna, na papo hapo ukatishia moto kwa atakayekataa.

Tumezoea kuhubiri kwamba ile miti mitatu ilikuwa na unyenyekevu. Labda. Lakini soma mistari ya juu kidogo uone ni nani anayezungumziwa. Abimeleki alipata mtaji wa kampeni, vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la Baal-berithi. Pesa hizo alifanyia nini? Aliajiri vijana wahuni wasio na kazi wamfuate. Kisha akawaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja. Ukifanya hesabu ile, ni kipande kimoja cha fedha kwa kila roho. Mti wa miiba haukuota peke yake. Ulifadhiliwa, na miti mizuri yote ilikuwa imesharudi shambani.

Simlaumu mzeituni kwa kuuliza swali. Swali lake ni la kweli: nikienda huko, nani atatoa mafuta? Ninachosema ni kwamba kukataa pia kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mti mdogo ambao haukuulizwa.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu. Wangari Maathai alianza kupanda miti na akina mama mwaka 1977. Mwaka 1982 alitaka kugombea ubunge kule Nyeri, akajiuzulu kazi ya chuo kikuu, akazuiwa kugombea, na kazi hakurudishiwa. Mwaka 1997 aligombea ubunge na urais pia, akaanguka. Mwaka 2002 watu wa Tetu wakamchagua kuwa mbunge wao. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Halafu mwaka 2007 akashindwa tena. Ukipanga miaka hiyo kwenye mstari mmoja, utaona viti vilikuja na kwenda, lakini miche haikukoma kupandwa. Kama miti ingekuwa chambo tu, angeiacha pale 1982.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kuna swali lingine ambalo sisi tuliookoka tunalipita haraka. Tunafikiri mtu mwema moja kwa moja ni kiongozi mwema. Lakini kuzibua mtaro ni kazi moja, na kukaa katika bunge la kaunti ni kazi nyingine.

Nchi hii ina wadi 1,450, na Nairobi peke yake ina 85. Kwa Katiba ya 2010, mwakilishi wa wadi hakuchaguliwa kulipia watu mazishi wala kununua helmeti. Amechaguliwa kutunga sheria za kaunti, kuwasemea watu wake, na kuichunga serikali ya kaunti. Mitaro ya maji ya mvua, takataka, taa za barabarani, masoko, zahanati, shule za chekechea: hayo yote ni majukumu ya kaunti. Bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bungeni kabla ya Septemba 1, mwongozo wa matumizi kabla ya Februari 28, na makadirio kabla ya Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Anayelala katika tarehe hizo hawezi kuamka Agosti na kuuliza mbona mtaro wa kwetu haumo.

Nilimweleza mama haya yote. Akauliza, "Hizo kurasa ni ngapi?" Nikamwambia ni mamia. Akacheka, kisha akawa mzito. Akasema, "Pasta, mimi mtaro naujua kwa mikono. Karatasi je?"

Hilo ndilo swali la mtu mkweli. Nilimjibu kwamba karatasi zinafundishika, moyo ni mgumu kufundisha. Lakini sikumdanganya kwamba moyo unatosha. Mwema asiyesoma bajeti atapigiwa kura za wema wake, na wajanja wataila bajeti mbele yake akiwa anaomba. Kwa hiyo kama ataenda, aanze kusoma sasa, na aende kwenye vikao vya maoni ya umma, ambavyo Katiba inaitaka kaunti iviwezeshe. Wangapi kati yetu tumewahi kuhudhuria hata kimoja? Mimi, niseme ukweli, nilikwenda mara ya kwanza mwaka jana, nikakuta viti vingi vitupu.

MANENO YA SHOSHO

Baada ya lile swali lake, mama alifikia uamuzi. Alisema, kama atagombea, atakuwa mgombea huru. Sheria inamtaka mgombea huru wa wadi apate wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo wa kumuunga mkono. Akaniambia, "Nitawatafuta wote nje ya daftari. Mtu yeyote niliyewahi kumsaidia sitamwomba sahihi, wala kura. Hivyo dhamiri yangu itakuwa safi."

Nilimsifu. Nikasema, tazama utakatifu! Nilikuwa nimekosea tena.

Shosho mmoja wa ushirika wetu, ambaye jina lake limo kwenye daftari kwa sababu ya mguu uliovunjika mwaka ule wa mvua nyingi, alisikia habari hizo. Alikuja kanisani Jumatano na mkongojo wake, akamkuta mama anafagia. Akamwambia, "Mwanangu, niliugua, ukanihudumia, Mungu akubariki. Sasa kura yangu imekuwa haramu? Wale wasiokuhitaji ndio utawauliza, na sisi tuliokuona usiku wa manane ndio tunyamaze?"

Mama akajaribu kumweleza juu ya dhamiri. Shosho akamkatiza. "Wewe ulinipa msaada, hukuninunua. Kama hukuninunua, mbona unaniogopa kama mtu uliyemnunua?"

Wapendwa, nilisimama pale na ufagio wangu nikaona mwanga. Kumkwepa mtu maskini eti kwa sababu umemsaidia ni njia nyingine ya kumweka kwenye daftari la madeni. Ni kusema kwamba hana uwezo wa kushukuru na bado akafikiri. Ni kumwona kama mtu ambaye neno lake limeshashikwa rehani. Shosho ana kadi ya kura kama mwenye nyumba wa ghorofa. Anaweza kusema asante na aseme hapana siku hiyo hiyo, na hajakosa kitu.

Basi kipimo ni kipi? Nimekifikiria hivi: muulize yeyote, lakini muulize kwa namna ambayo akikataa, hapotezi kitu chochote kwako. Akikukatalia leo, na kesho mguu ukimuuma, utakwenda? Kama utakwenda, na yeye anajua utakwenda, muulize kwa uhuru. Kama moyo wako unasita hapo, usimuulize mtu yeyote bado. Rudi kwanza upige magoti.

NA SISI JE?

Ni rahisi kumchambua mgombea. Lakini mama aliniambia jambo lililoniuma. Tangu habari zivuje kwamba anafikiria kugombea, watu wameanza kumsimamisha njiani. "Mheshimiwa, hatuoni chochote?" "Mheshimiwa, tuachie hata ya chai." Na wengine ni wetu, wa ibada ya kwanza, wenye Biblia kwapani. Watu ambao kwa miaka hawakumpa hata sepetu sasa wanamdai mia mbili. Mmoja alimwambia waziwazi, "Yule mwingine ametupa unga. Wewe una nini?"

Mpendwa, tuwe wakweli. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 haimhesabii kosa anayetoa hongo peke yake; mpiga kura anayepokea naye yumo. Lakini hata kama polisi hawatakuja, kuna hesabu ningependa uifanye. Chukua mia mbili uigawanye kwa miaka mitano. Ni shilingi arobaini kwa mwaka. Ndiyo bei uliyoweka juu ya mtaro wako, zahanati yako, na taa ya njia ambayo binti yako anapita akitoka tuisheni. Esau angalau alikula akashiba.

Najua kuna anayesoma haya na nyumbani hakuna unga kweli. Simhukumu huyo. Njaa ni njaa. Ila namwambia: unga ni haki yako kama jirani yetu, uje kanisani tugawane, na hakuna atakayekuuliza kadi yako ya kura. Kanisa likishindwa kumlisha maskini wake, lisishangae akilishwa na mti wa miiba.

Na kanisa lenyewe je? Mwaka 2021 maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki hapa nchini walisema wazi kwamba mimbari si jukwaa la wanasiasa. Mchungaji Mkuu wetu ameshasema msimamo huo huo kwetu. Mama ameshaambiwa, na amekubali, kwamba hatatambulishwa madhabahuni kama mgombea, hatatoa sadaka ya kutangazwa, na orodha ya washirika hatapewa. Mgombea mwingine yeyote akija kuabudu, ataketi kwenye kiti kama kila mtu na atapewa mkono wa salamu ule ule. Wengine mmelalamika: "Lakini huyu ni wetu!" Ndiyo maana. Tukimpa madhabahu kwa sababu ni wetu, sisi nasi tumefungua daftari la madeni, na siku moja tutamtumia ankara ya kiwanja cha kanisa.

JUMATANO YA AGOSTI

Uchaguzi ujao, kwa Katiba, utakuwa Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Nilimuuliza mama swali moja la mwisho, na sasa sikuuliza kama mtu wa biashara. Nikamwambia, "Tuache Jumanne. Niambie habari za Jumatano. Umeanguka. Umepata kura mia mbili, na unajua ni majirani gani hawakukupa. Utaamka ufanye nini?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Hakunipa jibu la kiroho. Alisema, "Nitalia kwanza. Pengine siku mbili sitafungua kibanda." Akanyamaza tena. "Halafu Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mtaro utakuwa umeziba. Huwa unaziba."

Bado hajaamua. Mimi pia sijamwambia agombee au aache, kwa sababu nimekosea mara mbili na ya tatu naiogopa. Jumamosi iliyopita nilikwenda mtaroni. Nilichelewa, na nilishika sepetu kama mtu wa ofisini, vijana wakanicheka. Mama alikuwa na daftari lake. Nilimwona akipiga mstari juu ya jambo fulani lililokwisha, akafungua ukurasa mwingine, akaniuliza kama kesho nitapata nafasi ya kumwona baba mmoja wa ploti ya tatu, ambaye haji kwetu, na ambaye, kwa nilivyosikia, ni mpiga debe wa mgombea mwingine.

Nilikwenda.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Kuna mtu uliyemsaidia ambaye moyoni bado unamdai? Utalifutaje deni ambalo yeye hajui analo?
2. Soma 1 Samweli 12:1-5. Kazini kwako, katika chama chako, au katika familia, unaweza kufungua vitabu vyako namna hiyo?
3. Jirani yako akigombea na akashindwa, wewe utamtendeaje Jumatano?

Tuombe: Baba, utufundishe kutoa bila kalamu, kupokea bila kuuzwa, na kuchagua bila hofu. Msimamie mama yetu, akienda au akibaki. Katika jina la Yesu, amina.